Waini Nyekundu ya Baba Jesca

Jumapili, 3 Agosti

Tumerudi kutoka kwa wakwe, Mbezi Beach. Nina hasira ambayo haijapata pa kukaa. Nimeipeleka sebuleni, Clara akaifukuza. Nimeipeleka uani, mbwa wa jirani akabweka. Basi naiandika.

Binti yetu Jesca anaolewa mwezi ujao na kijana anaitwa Rogers. Kijana mzuri, sina neno naye. Ishu ni baba yake, Projestus. Mstaafu wa bima. Ana kabati la vioo limejaa chupa za waini, na aliwahi kwenda semina Afrika Kusini. Tangu arudi hanywi waini kama binadamu. Anaiinua kwenye mwanga. Anaizungusha. Anachovya pua. Anafumba macho. Kisha anatoa taarifa.

Leo, wakati wa chakula, nilitamka tu kwamba na mie waini naifahamu. Nilitamka kwa upole. Clara anadai nilirudia mpaka watu wakaacha kula.

Projestus akasema basi tucheze mchezo. Akanifunga kitambaa cha meza usoni, akanipa glasi, akaniuliza nasikia harufu gani. Nikasema zabibu. Wakacheka. Kwani waini inatengenezwa na nini, mihogo?

Akasema nionje, nimwambie ni rangi gani. Nikaonja. Nikachukua muda wangu, kama afanyavyo yeye. Nikasema nyekundu, nzito, ya miaka mingi.

Akanifungua kitambaa.

Nyeupe! Njano hafifu, ile ambayo watu huja kununua wapake chumba cha mtoto. Mie! Mwenye duka la rangi Boko, kando ya barabara kuu! Mtu ninayetofautisha krimu na maziwa nikiwa ng'ambo ya lami!

Sebule nzima ilicheka. Rogers alijiziba mdomo, ila mabega yalimtikisika. Mama yake Projestus, Bibi Jovina, ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anasubiri kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo hakuona kitu. Akauliza kumetokea nini. Akaelezwa. Akaanza kucheka wenzake walipokuwa wamemaliza, peke yake, kwa raha zake. Jesca alikuwa anatazama zulia.

Projestus akanipapasa bega. Akaeleza kwamba hakuiweka kwenye friji makusudi, maana watu wengi huitambua nyeupe kwa ubaridi wake na kwa macho. Ukiwanyima hivyo viwili, ulimi unapotea njia. Akasema nisijali, hata mabingwa hukosea.

Nimempa mkono wa kwaheri kama mtu mstaarabu. Moyoni nilikuwa nampaka lami.

Jumatatu, 4 Agosti

Sikuweza kazi. Mteja alitaka rangi ya maji, nikampa ya mafuta. Amerudi amefoka. Nimefoka pia. Ameondoka.

Jioni nimepita Tegeta kwa Yustina, anayeuza vinywaji. Nimenunua chupa nyeupe na chupa nyekundu. Yustina akauliza kama nyumbani kuna sherehe. Nikamwambia kuna uchunguzi.

Nimemfunga Clara macho kwa kanga yake. Nikamwonjesha. Akakosea. Akapatia. Akakosea tena. Kisha akasema hajali, na kwamba kanga ile alikuwa ameifua jana.

Nikamwomba anifunge mie. Nikakosea! Nyumbani kwangu, kwenye kiti changu! Halafu Clara, bila kuombwa, akanibana na pua. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Waini yote iliondoka. Kilichobaki mdomoni ni kitu kichachu chenye moto kidogo kooni. Ungeniambia ni maji ya ndimu ningekubali. Aliponiachia pua, zabibu zikarudi zote kwa mpigo, kama watu waliokuwa wamefungiwa mlango.

Nikakaa nikiwaza. Kumbe ulimi ni mtumwa tu. Wenye nyumba ni pua na macho. Na kama mtu ukimfumba macho anapotea, basi ukimfumbua unaweza kumpeleka kwa macho hayo hayo popote unapotaka.

Projestus ana macho. Mie nina rangi.

Nimemwambia Clara. Amesema nikalale.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga duka mapema. Hasira bado mbichi, na hiyo ndiyo inayonisaidia kufanya kazi.

Nimeanza na maua ya choya. Nimeichemsha, nikaichanganya na waini nyeupe. Rangi nzuri, lakini inanuka juisi ya kufuturu. Nikajaribu bitiruti. Inanuka shamba baada ya mvua. Clara akaingia jikoni akauliza kwa nini sufuria yake ya wali imekuwa nyekundu. Nimemjibu kwamba wanasayansi wote waliwahi kusumbuliwa na wake zao. Hakupenda jibu.

Mwishowe nimechukua rangi za keki. Hazina harufu, hazina ladha. Nyekundu peke yake inatoa soda ya watoto. Nikatia bluu kwa ncha ya kijiti. Nikatia kahawia. Hapo nilikuwa nyumbani. Hakuna mtu Boko anayenifundisha kuchanganya rangi. Ilipokaa sawa, niliiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe kama Projestus anavyofanyaga. Katikati nyeusi kama zambarau. Ukingoni kama tofali lililochomwa.

Nikaionja.

Na hapa naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayeusoma. Niliisikia nzito. Nilisikia matunda meusi. Mie, niliyeitia rangi kwa mkono wangu, na chupa nyeupe iko mbele yangu! Ulimi wangu mwenyewe umenisaliti jikoni kwangu. Nimekasirika upya. Lakini nimefurahi pia, maana kama mie mwenyewe nimenaswa, Projestus ataponea wapi?

Jumapili, 10 Agosti

Siku niliyomwalika Projestus kuja Boko. Nilijiandaa kama vita. Nilimkataza Clara kukaanga samaki, maana harufu ya samaki ingekaa kwenye pua ya mgeni. Nilimwomba jirani asichome taka. Nilimwaga waini yangu kwenye jagi la kioo. Chupa ya nyeupe na vichupa vya rangi za keki niliviweka chini ya meza, nimevifunika, tayari kuvitoa mbele ya watu wote. Hata maneno niliyakariri.

Wakaja Projestus na Rogers. Bibi Jovina alibaki, magoti yanamsumbua. Nikasema nina waini nyekundu ya rafiki yangu mwenye kashamba Dodoma, haiuzwi madukani. Nikammiminia.

Akaiinua dirishani. Akaitazama muda mrefu. Akasema rangi hii hajaiona siku nyingi. Akaizungusha, akatuonyesha yale matone anayoyaita machozi yanavyoteremka kwenye kioo. Akachovya pua. Akasema anasikia zambarau zilizoiva. Akasema anasikia ngozi. Moshi kidogo. Kwa mbali, tumbaku.

Tumbaku! Nilikuwa nabana meno nisipasuke. Nikaanza kuinama chini ya meza.

Ndipo akaweka glasi chini, akasimama, akasema, "Mkwe, naomba niseme neno."

Akasema Jumapili iliyopita alinicheka mbele ya mtoto wangu, na tangu siku ile hajalala vizuri. Akasema mama yake amemgombeza. Akasema alifikiri anajua waini, kumbe kuna watu wanajua na hawana kelele. Akasema waini hii ndiyo inayofaa send-off ya Jesca, na ndugu zake wote wanaotoka Bukoba atawaambia wajiandae. Akaniomba msamaha. Akanyoosha mkono. Macho yalikuwa na maji.

Jesca akaanza kulia. Kumbe wiki nzima alikuwa hali chakula, anaogopa baba zake wawili wataivunja harusi. Mie niko nusu chini ya meza. Clara akanikanyaga mguu kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Nikatoka chini ya meza mikono mitupu. Nikampa mkono.

Amenipora ushindi kwa kuomba msamaha. Hii ni dhuluma ya aina gani?

Jumatatu, 11 Agosti

Clara anasema nikamwambie ukweli leo leo, atacheka, yataisha. Nimekataa. Anasema basi ninunue nyekundu ya kweli, niipeleke kwenye send-off, nani atajua. Nimemweleza taratibu, kama mteja asiyejua tofauti ya brashi na rola, kwamba Projestus amekwisha kuitangaza ile. Nikimletea nyingine atanusa, atasema siyo yenyewe. Ataonekana mjuzi mbele ya ukoo wake na wangu. Sitampa nafasi hiyo.

Akauliza kwa hiyo nitafanya nini.

Nikamwambia nitaitia rangi waini yote ya send-off.

Clara akachukua rozari yake akaenda chumbani.

Alhamisi, 28 Agosti

Yustina ameniletea makasha ya waini nyeupe dukani. Akauliza kama nina uhakika, maana kadi ya mwaliko imeandikwa kutakuwa na nyekundu maalumu ya baba mzazi. Nimemwambia asome kadi kidogo, afanye biashara zaidi.

Nilianza kuchanganyia stoo ya duka. Kosa. Clara alipita na chakula, akanusa glasi, akasema inanuka mlango mpya. Tina! Stoo nzima inanuka hiyo dawa ya kuzimulia rangi, na waini imeinywa harufu hiyo kabla ya wageni. Nimemwaga yote niliyokuwa nimefungua. Nimepiga ndoo teke. Mguu umevimba.

Nimehamia bafuni nyumbani. Kutwa nzima nimeinama juu ya beseni, nabandua karatasi za chupa, natia matone, nafunga vizibo. Vidole vimekuwa vya zambarau, havitoki hata kwa sabuni ya unga. Mgongo hauna mwenyewe. Na nikifikiria kwamba yote haya ni kwa sababu ya mtu mmoja aliyesikia tumbaku mahali pasipo na tumbaku, nazidi kutia matone kwa hasira. Baadhi ya chupa zimekuwa nyeusi.

Clara anaoga kwa jirani.

Jumapili, 31 Agosti

Send-off ilikuwa jana. Naandika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Si pombe.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko nilivyoomba. Ukumbi umependeza. Meza nyeupe, taa za njano, na glasi zangu nyekundu zinawaka kila meza kama makaa. Mshereheshaji akatangaza waini ya baba mzazi. Ndugu wa Bukoba wakainua glasi, wakazungusha, wakanusa. Mmoja akasikia zambarau. Mwingine akasikia asali ya porini. Mjomba wangu kutoka Mbeya, ambaye maisha yake yote anajua bia tu, akasema anasikia ngozi. Nilikuwa nimesimama kando ya keki nikitabasamu kama askofu.

Bibi Jovina alikaa meza ya mbele. Akaletewa glasi. Akainusa, akaiweka chini. Akamwambia Jesca amletee nyekundu, maana nyeupe inampa kiungulia. Jesca akapiga magoti, akamwambia bibi hiyo ndiyo nyekundu. Bibi akasema hapana. Jesca akabadilisha glasi. Bibi akanusa. Akasema hii pia nyeupe. Glasi nyingine. Bibi akaanza kukasirika, akauliza kwa nini leo anafanyiwa mzaha na watoto.

Mshereheshaji alikuwa amefika meza ile na kipaza sauti. Ukumbi mzima ukasikia.

Watu wakaanza kutazama glasi zao. Mjomba alitoa ulimi akautazama kwa simu. Ulikuwa wa zambarau.

Nikachukua kipaza sauti. Ningefanya nini? Nikasema kwa kucheka, "Ndugu zangu, tumsamehe bibi yetu. Macho yamechoka."

Watu wakacheka. Wakashusha pumzi. Nilijua nimepona.

Bibi Jovina akageuza uso kuelekea sauti yangu. Hakupaza yake.

"Mwanangu," akasema, "mie sijasema naona. Nimesema nanusa."

Kicheko kikakatika. Bibi akaanza kupapasa meza akitafuta pochi yake aondoke. Akaipata glasi badala ya pochi, ikamwagika, kitambaa kikawa chekundu mpaka mapajani kwake. Hakujua ni nini kimemlowesha. Jesca akamfuta kwa gauni lake la send-off.

Projestus akasimama. Akaja akachukua glasi ya mama yake iliyobaki na kitone. Akafumba macho. Safari hii hakuizungusha, hakuiinua kwenye taa. Akainusa tu, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Alikaa hivyo mpaka nikasikia friji za nyuma zikiunguruma. Kisha akafumbua macho, akanitazama.

Alijua. Alinitazama vidole.

Akaninyang'anya kipaza sauti. Nikajisemea basi, kwisha. Jesca kwisha, harusi kwisha.

Akasema, "Mama yangu yuko sahihi. Hii ni waini nyeupe. Mie ndiye niliyeiita nyekundu, kwa majivuno yangu, nikiwa nyumbani kwa mkwe. Mkwe akaona haya kunisahihisha, akaniletea kama nilivyoiita. Aibu ni yangu." Akamgeukia mama yake, akapiga goti, akamwomba radhi.

Ukumbi ukasimama. Vigelegele. Watu wakalia. Ndugu wa Bukoba wakambeba juu. Akashuka, akanikumbatia, akaninong'oneza, "Mkwe, tutazungumza."

Makofi yale yalikuwa ya nani? Ukumbi nimelipia mie. Kipaza sauti nimekodi mie. Waini nimeinamia mie mpaka mgongo umekatika. Na anayebebwa juu ni yeye! Kwa kosa nililolitengeneza kwa mikono yangu!

Jumatatu, 1 Septemba

Jesca amekuja chumbani asubuhi. Gauni lake alikuwa amelishika mkononi, lile doa halijatoka. Nikajua anataka nilipie dobi. Nikaanza kumweleza habari ya magadi.

Akasema, "Baba, ulimcheka bibi asiyeona."

Nikamjibu kwamba hata huyo bibi alinicheka nilipofungwa kitambaa. Nilidhani ni jibu zuri. Jesca akalikunja gauni, akaondoka. Baadaye Clara amekuja kunipa ujumbe. Jumamosi kanisani, Jesca ataingia na mama yake.

Na mama yake! Mie nikae wapi, kwenye kwaya?

Nimeenda dukani. Nimegombana na mteja, na mwenye bodaboda, na ngazi. Mchana nimekaa juu ya ndoo ya rangi nikashindwa kula. Nilikuwa namwona yule bibi anavyopapasa meza. Nikifumba macho namwona zaidi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeenda Mbezi Beach peke yangu. Clara ndiye aliyenisukuma nje ya mlango. Nilichagua saa ambayo Projestus huwa hayupo nyumbani, maana kumwomba msamaha yeye, hapana. Siku hiyo jua litachomoza Kibaha, upande wa magharibi.

Bibi Jovina alikuwa kibarazani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Karibu, mtu wa rangi. Nimekunusa tangu getini, unanuka tina."

Nikamwamkia shikamoo. Nikakaa. Nilikuwa na maneno ya kukariri, yakapotea. Nikamwambia nilikosa. Nikamwambia sikuwa na hasira naye yeye, nilikuwa na hasira na mwanae, ikampitia yeye kwa kuwa alikuwa karibu. Akauliza nina hasira naye tangu lini. Nikasema tangu mchezo wa kitambaa.

"Wewe una nafuu," akasema. "Mie nina hasira naye tangu arudi Afrika Kusini."

Akanituma kabatini nikamletee nyekundu. Nikasoma karatasi ya chupa, nikamimina. Akanusa, akatikisa kichwa kukubali, akanywa kidogo kidogo. Akanipa mie ninuse. Akasema nifumbe macho, nisitafute jina la kitu, ninuse tu. Nikanusa. Sitaandika nilichosikia. Ila ilikuwa jikoni kwa marehemu mama yangu, Tukuyu, wakati wa mvua, na kuna mtu alikuwa anaondoa majivu jikoni.

Akanishika mkono, akasema nimwambie mtoto kwamba bibi yake hana kinyongo.

Nilitokwa na machozi. Ni tina. Ikikaa sana kwenye nguo hupanda machoni.

Jesca amesema sawa, nitamwingiza kanisani mie. Ila nitanyamaza ukumbini.

Jumapili, 14 Septemba

Harusi ilipita vizuri wiki iliyopita. Nilinyamaza ukumbini. Watu waliniuliza kama naumwa.

Leo mchana Projestus amekuja Boko kwa yale mazungumzo aliyoniahidi. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikavaa viatu vya kufunga kamba. Akaja na chupa ya waini nyeupe, imebandikwa karatasi yake, baridi, haina siri. Akaketi. Akaniuliza jambo moja tu: ile rangi ya ukingoni, kama tofali, niliipataje?

Nikamwambia kahawia, kwa ncha ya kijiti. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba hata kule kwenye semina waliwatilia rangi vilevile, darasa zima likasikia matunda meusi, na yeye ndiye aliyeongea kwa sauti kuliko wote. Kwa hiyo mtego wenyewe alishaufahamu. Na bado kwangu akaingia tena! Sikujua nimpongeze au nimkasirikie. Tukanywa. Ilikuwa nzuri. Clara akatuletea samaki wa kukaanga, harufu ikajaa sebule yote, na hakuna aliyelalamika. Nikajisemea moyoni kwamba yamekwisha. Nikamwambia na Clara, jikoni, kwamba yamekwisha kabisa, mie ni mtu mpya. Clara alinishika shavu. Hajanishika shavu tangu uchaguzi.

Wakati wa kuaga, Projestus akasimama mlangoni akasema kwa habari ya waini amefunga mdomo, hataringa tena mbele ya mtu. Lakini asali! Kwenye asali hakuna wa kumdanganya. Asali yeye anaiinua tu kwenye mwanga na kukuambia imetoka msitu gani.

Nikamwambia karibu tena Jumapili ijayo, mkwe. Nina rafiki yangu Tabora anarina asali ambayo haiuzwi madukani.

Jioni nimepita sokoni. Clara amefungua mfuko, ameuliza sukari guru yote hii ya nini.

Nimemwambia ya chai.